Mkojo, mvuke na saratani ya figo: jinsi ya kukusanya sampuli zisizokudanganya

Ukiniletea mkojo wa wagonjwa waliolazwa wodini, na mwingine wa wanafunzi wenzako uliokusanya hosteli, nitakuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili kabla chai yangu haijapoa. Itakuwa tofauti kubwa, inayopendeza machoni, ya kupamba tasnifu. Ila haitakuwa ya saratani ya figo. Itakuwa tofauti kati ya wazee wa miaka sitini walio kwenye dripu na vijana wa miaka ishirini na tano waliokula zege, yaani chipsi mayai, usiku.

Mimi ndiye ninayeendesha mashine ya kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Maabarani tunaiita GC-MS, basi: inatenganisha kemikali za mvuke, kisha inazitambua kwa uzito wa vipande vyake. Wanafunzi wa uzamili huniita Shangazi, na hawakosi kunijia wenye wazo hili hili: kupima kwenye mkojo zile metaboliti zinazopaa, yaani kemikali ndogo za mwilini zinazogeuka mvuke kwa urahisi, ili kuikamata saratani ya figo mapema. Wazo ni zuri, siwakatishi tamaa. Lakini wengi huja na maswali ya mashine, wakati kazi hii inaharibikia kwenye kopo la mkojo, muda mrefu kabla mashine haijaguswa. Kwa hiyo maelezo haya yataelemea huko.

Kwanza ujue unatafuta nini

Saratani ya figo ni ugonjwa wa kimya. Zile dalili tatu za vitabuni, yaani damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavuni na uvimbe unaoshikika kwa mkono, zikikutana zote kwa mtu mmoja mara nyingi ugonjwa umeshakwenda mbali. Siku hizi wengi hugundulika kwa bahati tu: mtu kaenda altrasaundi kwa sababu ya mawe kwenye nyongo, mpimaji akaona kitu kwenye figo. Na kuwahi kuna maana kubwa. Kwa takwimu za Marekani, wagonjwa ambao saratani imekutwa ingali ndani ya figo, zaidi ya 9 kati ya 10 wanakuwa hai miaka 5 baadaye. Ikishasambaa sehemu za mbali za mwili, hawafiki 2 kati ya 10.

Kwa watu wazima, aina iliyo nyingi zaidi ni ile ya seli angavu, takriban robo tatu ya saratani zote za figo. Katika nyingi ya hizo, jeni iitwayo VHL imeharibika. Jeni hiyo ikiharibika, seli huendesha mambo yake utadhani imekosa oksijeni, hata ikiwa nayo tele. Kazi ya kuelezea jinsi seli inavyohisi oksijeni ndiyo iliyowapa Kaelin, Ratcliffe na Semenza tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. Seli ya namna hiyo huunguza sukari kwa fujo na kujilimbikizia mafuta. Mafuta yakioksidishwa hutoa aldehaidi kama heksanali na nonanali, ambazo hupaa. Hapo ndipo linapotoka tumaini kwamba figo inayougua itaacha alama kwenye mvuke wa mkojo.

Wala si tumaini la jana. Mwaka 1971 mkemia wa Marekani Linus Pauling na wenzake walichapisha matokeo yanayoonyesha kemikali zipatazo 250 kwenye pumzi ya binadamu na zipatazo 280 kwenye mvuke wa mkojo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Amersham, Uingereza, ambako mbwa sita walifundishwa kunusa mkojo wa wagonjwa wa saratani ya kibofu. Walipatia mara 22 katika 54, wakati kwa kubahatisha wangepatia kama mara moja kwa kila saba. Lakini linalonifurahisha ni jambo lililotokea kwenye mazoezi. Mbwa wote walikuwa wakiashiria saratani kwenye sampuli ya mtu mmoja aliyehesabiwa kuwa mzima, aliyekwisha kupimwa hadi kwa altrasaundi. Daktari wake akaingiwa na wasiwasi, akaharakisha vipimo vingine, ikakutwa saratani kwenye figo ya kulia. Na hapa kwetu, Morogoro, shirika la APOPO limekuwa likitumia panya buku kunusa makohozi ya kifua kikuu. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ugonjwa hauna harufu.

Swali ni kama harufu uliyoikamata wewe ni ya ugonjwa.

Watu wa kulinganisha nao

Usichukue watu wazima wenye afya kamili peke yao kama kundi linganishi. Kliniki hakuna daktari anayehitaji kipimo cha kutofautisha mgonjwa wa saratani na mwanariadha. Anachohitaji ni hiki: nimeona kivimbe cha sentimita 3 kwenye figo ya huyu mama, je, nikikate au nikiache? Vivimbe vidogo vya figo, chini ya sentimita 4, takriban kimoja kati ya vitano si saratani. Kwa hiyo tafuta watu wenye vivimbe visivyo saratani, wenye mawe, wenye vifuko vya maji kwenye figo, na wenye figo zilizochoka kwa presha au kisukari. Hawa wa mwisho ni muhimu sana. Figo ikichoka, mkojo wake hubadilika kwa namna nyingi, na usipokuwa nao utaita uchovu wa figo kuwa ni saratani.

Linganisha umri, jinsia, uzito na sigara. Sigara ni mtego wa pande mbili: inaongeza hatari ya saratani ya figo, na yenyewe inaacha kemikali zake mwilini. Wagonjwa wako wakiwa wavutaji na wenzao si wavutaji, umetengeneza kipimo cha sigara. Kipimo hicho tayari kipo, ni kumuuliza mtu.

Sampuli zote zichukuliwe kabla ya upasuaji na kabla ya dripu. Kuna kemikali iitwayo 4-heptanoni ambayo karibu kila mkojo unayo, na sehemu yake hutokana na DEHP, kile kilainishi cha plastiki kilichomo kwenye mifuko na mipira ya PVC ya hospitali. Mwili unakivunja, 4-heptanoni inatoka. Mgonjwa aliyetundikiwa dripu tangu jana atakuwa na kilele kirefu cha 4-heptanoni (kilele ni ule mstari unaopanda kwenye mchoro wa mashine kemikali inapotoka), nawe utakimbilia kuandika kwamba umepata kiashiria cha saratani.

Fomu ya maswali

Hapa ndipo wanafunzi wanapoona nawasumbua. Fomu yangu inauliza: umekula nini tangu jana jioni? Umekunywa nini? Dawa gani, pamoja na za miti shamba? Umepiga mswaki kwa dawa yenye minti? Umetafuna pipi au bazoka? Nyumbani mmefukiza udi? Unapikia mkaa, kuni au gesi?

Kila swali lina kilele chake. Kitunguu saumu hutoa salfaidi ya alili na methili, ambayo haiishi mwilini kwa saa moja wala mbili. Iliki ina sineoli kwa wingi. Karafuu ni eujenoli. Mimi ni mtu wa Pemba, hiyo naijua hata bila mashine. Machungwa na malimau yana limonini. Minti ina mentholi na karvoni. Sasa mtu wa Pwani aliyekunywa chai ya iliki na karafuu asubuhi, mkojo wake ukilinganishwa na wa mtu aliyekunywa uji mtupu, kompyuta itawatenganisha bila kusita.

Dawa ni kuwaomba wote wasile vitu vyenye viungo vikali wala vitunguu tangu jioni, kisha kuchukua mkojo asubuhi kabla ya kifungua kinywa. Mimi napendelea mkojo wa pili wa asubuhi, kwa sababu wa kwanza umelala kibofuni usiku kucha na kila mtu amelala kwa saa zake. Wapo wanaopenda wa kwanza. Chagua mmoja, usibadilishe katikati ya mradi. Ramadhani ikiingia katikati ya ukusanyaji, iandike kwenye daftari au simamisha kazi, maana mtu aliyefunga huongeza asetoni, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa vilevile.

Kopo, choo na saa

Mwanafunzi mmoja aliniletea data zenye kilele kizuri ajabu. Wagonjwa karibu wote walikuwa nacho, wazima karibu wote hawana. Tukafungua spektra yake pamoja, yaani orodha ya uzito wa vipande vya molekuli. Pale kwenye skrini palikuwa na 146, na pembeni yake 148, kwa uwiano wa karibu tatu kwa mbili, kisha 111. Ukiona jozi ya namna hiyo iliyopishana kwa 2, ujue kuna klorini mbili kwenye molekuli, na mwili wa binadamu hautengenezi kitu cha namna hiyo. Ilikuwa diklorobenzini, ile ya vidonge vya kuondolea harufu vinavyotundikwa chooni. Wagonjwa walikuwa wamekojoa kwenye choo cha kliniki chenye kidonge, wakafungua kopo humo ndani, mvuke ukaingia. Wazima walitolea sampuli jengo jingine.

Kwa hiyo: choo kimoja kwa watu wote, au vyoo vilivyokaguliwa. Ondoa vidonge vya harufu, naftalini, na manukato ya kupuliza. Mwambie anayefanya usafi asipige deki kwa dawa asubuhi ya ukusanyaji, amalize jana yake. Nesi asimpe mgonjwa kopo akiwa ametoka kupaka kitakasa mikono, maana spiriti ile itasafiri. Weka pia kopo tupu lenye maji safi ya maabara, lifunguliwe humo humo chooni kwa muda uleule, lifungwe, lipitie safari yote ya sampuli. Hilo ndilo shahidi wako. Kitu kikionekana kwenye kopo la maji, kifute kwenye orodha ya viashiria hata kama kinakuuma.

Makopo yote yawe ya aina moja na ya shehena moja. Baada ya kukojoa, kopo lifungwe papo hapo na liingie kwenye boksi la barafu. Bakteria hawasubiri, mkojo uliosahauliwa mezani hadi mchana huanza kutoa amonia na kemikali nyingine ambazo hazikuwamo.

Ndani ya saa mbili fanya yafuatayo. Chovya dipstiki, kile kijiti kinachobadilika rangi kwenye mkojo: damu, seli nyeupe, nitraiti, protini, sukari. Kwetu hatua hii si ya kurukwa, kwa sababu Pwani, Zanzibar na Kanda ya Ziwa mkojo wenye damu mara nyingi ni kichocho, na kichocho chenyewe kinahusishwa na saratani ya kibofu. Mwenye dalili hizo atafutiwe mayai ya kichocho kwa hadubini. Mwenye maambukizi ya njia ya mkojo atibiwe kwanza, arudi baadaye. Kisha zungusha mkojo kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu, ugawe kwenye vichupa vidogo vya glasi, ugandishe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Gawa mara nyingi ili usilazimike kuyeyusha kichupa kimoja mara mbili. Na friza iwe na jenereta nyuma yake. Umeme ukikatika, andika saa ulipokatika na uliporudi.

Sasa mashine

Nitakwenda haraka, kwa sababu kila maabara ina taratibu zake. Tunachofanya sisi ni kuweka mililita 4 za mkojo kwenye kichupa cha mililita 20, na gramu 1.5 za chumvi ya maabara iliyookwa ili kufukuza uchafu. Chumvi huzifukuza kemikali kutoka kwenye maji ziende juu hewani. Tunaongeza kiwango cha ndani, yaani kemikali ambayo binadamu hana, kama toluini yenye deteria (haidrojeni nzito), kiasi kilekile kila kichupa. Ukitia tindikali hadi pH ya 2, fenoli na asidi zitajitokeza. Ukitia alkali, zitatoka amini. Huwezi kuona vyote kwa mpigo mmoja, kwa hiyo amua.

Kichupa kinapashwa moto kwa nyuzi 50 hadi 60, na faiba, yaani uzi mwembamba, inashushwa kwenye hewa iliyo juu ya mkojo kwa nusu saa hivi. Faiba hiyo imepakwa tabaka linalonasa mvuke, sawasawa na kanga inavyoshika harufu ya udi. Kisha inaingizwa kwenye mdomo wa mashine wenye nyuzi 250, inaachia ilichobeba, gesi ya heliamu inakisukuma ndani ya kolamu, mrija mwembamba wa mita 30, na kemikali zinatoka moja baada ya nyingine. Heliamu ni ghali, agiza mapema.

Jambo ambalo halina mjadala ni mpangilio. Usipime wagonjwa wote Jumatatu na wazima wote Alhamisi. Faiba huchoka, kolamu huchafuka, na mashine ya Alhamisi si ile ya Jumatatu. Changanya kwa kura. Anza siku kwa faiba tupu, kisha kichupa kitupu, na kila baada ya sampuli kumi hivi weka sampuli ya mchanganyiko iliyotokana na mikojo yote. Mchanganyiko huo ukipanda na kushuka, vilele vyako navyo vimepanda na kushuka, na hakuna hesabu itakayokuokoa.

Kwenye kromatogramu, yaani ule mchoro wa vilele, jifunze kwanza kuwatambua wageni wa kudumu. Namba 73, 207 na 281 ni silikoni ya kolamu na kizibo. Namba 149 ni plastiki. Unaposema kilele fulani ni nonanali, usitegemee maktaba ya kompyuta peke yake, hata kama inakupa alama za juu. Pitisha mfululizo wa alkani, kokotoa kwa kulinganisha nazo faharasa ya muda wa kutoka, kisha nunua nonanali halisi uipime kwenye mashine hiyohiyo. Bila hatua hiyo, andika «huenda ni».

Hesabu za mwisho

Sawazisha ukolezi wa mkojo, kwa sababu mtu aliyekunywa maji mengi amezimua kila kitu. Wengi hugawa kwa kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo. Kwenye ugonjwa wa figo nina wasiwasi nayo, maana figo inayougua huenda ikatoa kreatinini kwa namna yake; pima na osmolaliti pia, yaani wingi wa vitu vyote vilivyoyeyuka kwenye mkojo, uone kama majibu yanakubaliana.

Ukiwa na vilele 200 na ukapima kila kimoja kwa kiwango cha 0.05, yaani ukikubali kukosea mara 5 katika 100, tarajia kumi hivi kuwa «na maana» kwa bahati tu. Rekebisha. Na ukichagua vilele bora kwa kutumia watu wote, kisha ukawagawa watu hao hao kuwa wa kufundishia kompyuta na wa kuijaribia, umeshavujisha mtihani. Watu wa kujaribia watengwe tangu siku ya kwanza, na ikiwezekana watoke hospitali nyingine, yenye choo kingine.

Halafu fanya hesabu hii kabla hujamwambia mwandishi wa habari chochote. Tuseme kati ya watu wazima 1,000, wawili wana saratani ya figo bila kujua. Kipimo chako kinakamata 90 kati ya wagonjwa 100 na kinawaachia huru wazima 90 kati ya 100. Pima watu 100,000: wagonjwa ni 200, utawakamata 180. Wazima ni 99,800, utawatia hofu 9,980. Waliopewa jibu la «ndiyo» ni 10,160, na wenye saratani kweli miongoni mwao hawafiki 2 kati ya 100. Ndiyo maana mimi naona nafasi ya kipimo hiki, kikija kuthibitishwa, ni kwa yule mama mwenye kivimbe cha sentimita 3, ambaye tayari ana sababu ya kuchunguzwa, na si kwa kila anayepita sokoni.

Kibali cha maadili na ridhaa unavijua, sitavirudia, isipokuwa kwa jambo moja. Mshiriki atakuuliza, «Mwanangu, majibu yangu lini?» Liweke jibu kwenye fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka: utafiti huu hautoi majibu ya saratani kwa mtu mmoja mmoja, wala hauchukui nafasi ya altrasaundi au picha ya CT. Nesi alisome kwa sauti, mtu aulize, ndipo atie saini. Lakini dipstiki ni jambo jingine. Ikionyesha damu na kichocho hakipo, au ikabaki kuonyesha damu baada ya tiba ya kichocho, usingoje mashine yangu wala foleni yake: mwandikie rufaa ya altrasaundi siku hiyohiyo, na uchukue namba ya simu ya ndugu yake mmoja ili ujue kama alikwenda.